Mahindi Yetu Yalikwenda Wapi?

Mimi ni mkulima wa Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Nalima mahindi na viazi mviringo. Nilipokuwa mtoto sikupelekwa shule. Nilijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu ukubwani, katika darasa la watu wazima. Leo nataka kuwaeleza jinsi hesabu hizo ndogo zilivyomwokoa jirani yangu, na jinsi zilivyoniumbua mimi mwenyewe.

Mizani ya Mbeya

Chama chetu cha wakulima kina wanachama 65. Mwezi wa Julai na Agosti 2019 tulinunua mahindi ya wanachama, gunia 240. Kila gunia lilipimwa kilo 100. Kwa hiyo tulikuwa na kilo 24,000. Tulilipa shilingi 500 kwa kilo. Shabaha yetu ilikuwa kuyaweka ghalani mpaka bei ipande, kisha tuyauze pamoja.

Mwezi wa Januari 2020 tulipata mnunuzi mjini Mbeya. Tulipakia lori, na mimi nikachaguliwa kufuatana na mzigo. Tulipita Makambako, tukapita Igawa na Chimala, tukafika Uyole mvua ikinyesha. Mahindi yalikuwa makavu chini ya turubai. Mimi nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu: gunia 240, kilo 24,000.

Mahindi yalipopimwa, karatasi ilisema kilo 22,050.

Nilimwambia mpimaji, "Baba, hapana. Rudia." Akarudia. Hesabu ikawa ile ile. Nikasema moyoni, hawa wametuibia. Lakini dereva alikuwa na karatasi ya mizani ya barabarani tuliyopita njiani. Tulitoa uzito wa lori tupu, hesabu zikakaribiana. Mizani ya Mbeya haikuwa na kosa.

Kilo 1,950 hazikuwepo. Hizo ni karibu gunia 20. Kwa bei tuliyonunulia ni shilingi 975,000. Ukizigawa kwa wanachama 65, kila mmoja amepoteza shilingi 15,000. Kwa mtu wa kijijini, hiyo ni fedha ya daftari na sare za mtoto.

"Mwizi ni huyu hapa"

Niliporudi kijijini mkutano uliitishwa upesi. Magunia yalikuwa yale yale 240. Hakuna hata moja lililopotea. Kwa hiyo watu walisema, "Kila gunia limechotwa kidogo kidogo. Nani mwenye ufunguo wa ghala?"

Mwenye ufunguo alikuwa mtunza ghala wetu. Yeye ni shemeji yangu, amemwoa mdogo wangu. Na mwezi wa Desemba alikuwa ameezeka nyumba yake bati jipya.

Mmoja akasema, "Bati limetoka wapi?" Mwingine akasema, "Tumpeleke polisi." Shemeji alisimama, akasema, "Ndugu zangu, sikuchukua. Bati lilinunuliwa na mwanangu. Anafanya kazi ya kupasua mbao huko Sao Hill." Watu wakamzomea.

Hapo nami nikasimama. Niliogopa watu wasije wakasema namficha kwa sababu ni ndugu. Nikasema kwa sauti, "Shemeji, sema ukweli mbele ya watu. Mahindi yetu yalikwenda wapi?" Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma na akina mama. Aliinuka, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka bila kuniangalia. Tangu siku ile tukikutana kisimani hanipi hata "kamwene".

Mwenyekiti wetu ni mzee mwenye busara. Alisema, "Kumwita mtu mwizi ni rahisi, kuthibitisha ni kazi. Chagueni watu watatu wakague. Tuwape siku 14." Walichaguliwa mwalimu mstaafu, kijana mmoja fundi baiskeli, na mimi.

Ukaguzi ni nini?

Siku ya kwanza mwalimu alituuliza, "Kukagua ni nini?" Fundi akajibu, "Ni kumtafuta mwizi." Mwalimu akasema, "Hapana. Kukagua ni kuifuata mali tangu ilipoingia mpaka ilipotoka. Ukimfuata mtu, utaona dhambi zake tu. Ukiifuata mali, utaona njia zote ilizopotelea."

Akatueleza kwamba mali ya chama hupungua kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni wizi: mtu amechukua kwa siri. Ya pili ni ubadhirifu: mali imetumika hovyo, na pengine kila mtu anaona. Ya tatu ni upotevu: hakuna aliyechukua, lakini mali imeharibika, imemwagika au imekauka. Wizi hutukasirisha zaidi. Lakini ubadhirifu na upotevu vinaweza kula mali nyingi kuliko mwizi, nasi tukaendelea kulala.

Alitukumbusha pia kwamba shida hii si ya leo. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika. Kamati iliona kwamba wanachama wengi hawakuelewa jinsi vyama vyao vilivyoendeshwa, na kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuunda Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO. Kwa hiyo wakaguzi wa Serikali wapo. Lakini mkaguzi wa mbali huyakuta madaftari tuliyoyaandika sisi. Kama hatukuandika kitu, atakagua nini?

Tulivyoyafuata mahindi

Tulianzia mlangoni, pale mahindi yalipopimwa. Mizani yetu ni ya kuning'iniza. Fundi aliitazama ikiwa tupu. Mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umezidi nusu kilo. Tukachota maji lita 20, ambayo uzito wake ni kilo 20. Tukaipima ndoo tupu kwanza, kisha tukaipima na maji. Kila mara mizani ilizidisha nusu kilo. Basi kila gunia tulilolipia kilo 100 lilikuwa na kilo 99 na nusu. Kwa gunia 240, tulilipia kilo 120 ambazo hazikuwepo. Hapakuwa na mwizi hapo. Ulikuwa mshale tu, na sisi tusioutazama.

Kisha tukamwendea Afisa Ugani. Watu wazima bado tunamwita bwana shamba. Yeye alisomea kilimo huko Uyole, na ana tabia ya kuandika kila kitu. Akafungua daftari lake la Julai 2019. Alikuwa amepima unyevu wa mahindi yetu tulipoyanunua. Wastani ulikuwa asilimia 18. Huku kwetu kuna baridi na ukungu, mahindi hayakauki upesi. Alituambia wakati ule, "Msiyaweke ghalani hivi, yataota kuvu." Tukamtii. Tuliyamwaga juu ya maturubai, tukayaanika kwa siku nyingi, tukayarudisha kwenye magunia yale yale. Na mnunuzi wa Mbeya alipoyapima, alikuta unyevu asilimia 13.

Bwana shamba akatuuliza, "Baada ya kuyaanika, mliyapima tena?"

Tukatazamana. Hatukuyapima.

Akachukua kijiti, akaandika chini kwenye vumbi. Naomba msomaji uifuate hesabu hii polepole, maana ndiyo iliyotufumbua macho.

Gunia la kilo 100 lenye unyevu asilimia 18 lina maji kilo 18 na mahindi yenyewe kilo 82. Ukilianika, maji yanatoka lakini zile kilo 82 zinabaki. Mahindi yakifikia unyevu asilimia 13, basi katika kila sehemu 100 za uzito, sehemu 13 ni maji na sehemu 87 ni mahindi yenyewe. Kilo 82 ndizo sehemu hizo 87. Gawanya 82 kwa 87, kisha zidisha kwa 100. Utapata kilo 94 na robo. Gunia lile lile, ambalo halikuguswa na mtu, limepungua karibu kilo 6.

Kwa hesabu kamili ni kilo 5.75 kwa kila gunia. Zidisha mara 240. Utapata kilo 1,380.

Nilirudia hesabu ile mara tatu kwa mkono wangu. Karibu gunia 14 kati ya zile 20 hazikuibwa. Yalikuwa maji. Tulinunua maji kwa bei ya mahindi, jua likayachukua, nasi tukataka kumfunga mtu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa namwona mdogo wangu akijifunga kitenge.

Ghalani

Zilibaki kilo 450 kutafutwa. Tuliingia ghalani na taa. Magunia yalikuwa yamepangwa chini kwenye sakafu, yakiegemea ukuta. Hakukuwa na chaga. Nyuma yake tuliona mashimo ya panya. Magunia mengi yalikuwa yametobolewa pembeni. Shemeji alitueleza bila kuficha kwamba alikuwa akifagia mahindi yaliyomwagika, karibu debe moja kila wiki mbili. Yaliyochanganyika na mavi ya panya aliyatupa. Kwa muda wote alioyatunza, yalikuwa madebe kama 10. Debe letu lina kilo 18. Hizo ni kilo 180.

Mwalimu akamwuliza, "Kwa nini hukuandika?" Akajibu, "Hakuna aliyeniambia niandike takataka."

Jibu lile ni la kufikiriwa. Takataka ya chama ni mali iliyokufa. Nayo lazima iandikwe, kama vile tunavyoandika vizazi na vifo.

Zikabaki kilo 270.

Madebe yasiyoandikwa

Hapo palikuwa pagumu. Mwalimu alisema, "Sasa tuwaulize viongozi na wanachama. Nani aliwahi kutoa mahindi ghalani kwa ruhusa, lakini bila kuandika?"

Kila mtu alitazama chini. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Nilijua jambo ambalo wenzangu hawakulijua.

Mwezi wa Oktoba walikuja wageni kutoka wilayani. Nilitumwa nikachukue debe moja la mahindi, tukasaga, tukawapikia. Hilo lilikuwa la chama, lakini halikuandikwa. Kisha mwezi wa Novemba nyumbani kwangu mahindi yaliisha kabla ya mategemeo. Nilimwendea shemeji jioni, nikamwambia, "Shemeji, nikopeshe debe moja. Nitarudisha." Akanipa kwa kuwa mimi ni ndugu. Sikurudisha. Sikukusudia kuiba. Nilisahau tu. Na shemeji, siku ile alipozomewa mkutanoni, nilipomwambia aseme ukweli mbele ya watu, hakunitaja.

Ningeweza kunyamaza. Yeye asingesema. Lakini kalamu ya mkaguzi ikimruka mwenye kuishika, haifai kumwandika mtu mwingine. Nilifungua ukurasa mpya. Nikaandika jina langu mstari wa kwanza: debe 1 la wageni, debe 1 la mkopo usiorudishwa. Nikawasomea wenzangu.

Fundi baiskeli alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi niandike na mimi." Aliwahi kupewa debe moja kama ujira wa kukarabati toroli la chama. Baada yake wakaja wengine. Mjumbe mmoja alichukua kwa ajili ya uji wa vikao. Mwingine alichukua "sampuli" za kuwaonyesha wanunuzi, na sampuli hazikurudi. Mwenyekiti mwenyewe akakumbuka madebe mawili yaliyopelekwa msibani kwa jina la chama. Kwa jumla tuliandika madebe 13. Hizo ni kilo 234.

Sasa jumlisha nasi, msomaji:

Maji yaliyokauka: kilo 1,380.
Madebe yasiyoandikwa: kilo 234.
Panya na kumwagika: kilo 180.
Kosa la mizani: kilo 120.
Jumla: kilo 1,914.

Toa 1,914 katika 1,950. Zinabaki kilo 36, yaani madebe mawili. Hayo tuliyatafuta, hatukuyapata. Tuliandika hivyo hivyo: "Madebe 2, hayakujulikana yalikokwenda." Mwalimu alisema hesabu yenye madebe mawili yasiyojulikana ni ya kweli kuliko hesabu iliyolazimishwa ikae sawa.

Mkutano wa pili

Tulisoma taarifa yetu mbele ya wanachama wote. Tuliisoma polepole, tarakimu moja moja. Nilipofika kwenye jina langu sauti ilinikatika kidogo, lakini niliendelea. Baadaye nikamgeukia shemeji, nikasema, "Shemeji, nilikukosea mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu."

Alisema, "Yamekwisha." Lakini akaongeza neno ambalo limebaki kijijini kwetu. Alisema, "Mlinipa ufunguo, hamkunipa daftari."

Debe langu nililirudisha wiki ile ile. Mdogo wangu hakurudi kuzungumza nami siku ile. Ilichukua miezi. Upotevu wa namna hiyo haupimwi kwa mizani, na haurudishwi kwa debe.

Tulivyobadili mambo

Baada ya kuona faida ya kukagua ghala, tulikagua na ofisi. Mwaka 2019 viongozi wetu walisafiri mara 9 kwenda mjini Mafinga kupeleka barua na kufuatilia mambo. Kila safari walikwenda watu 3. Hizo ni nauli 27. Tulipozisoma barua zenyewe, tuliona mtu 1 angetosha. Zingekuwa nauli 9. Nauli 18 ziliteketea barabarani. Hakuna aliyeiba, stakabadhi nyingine zilikuwepo. Lakini fedha ilikwisha. Tangu 2020 anasafiri mtu mmoja, naye akirudi anaonyesha stakabadhi na majibu ya barua.

Haya ndiyo mengine tuliyokubaliana. Huenda yakafaa na kwenu.

Kwanza, mizani. Kabla ya kupima gunia la kwanza kila asubuhi, watu wawili wanautazama mshale kama uko kwenye sifuri. Na kila mwaka mizani inahakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Pili, hatununui mahindi mabichi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama bwana shamba hayupo na kipimo chake, tunatumia chupa na chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu ya unga, kisha mahindi mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa vizuri, acha kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Yaanike. Chumvi isipogandamana, unyevu ni chini ya asilimia 15, nayo yaongezewe jua kabla ya kuhifadhiwa muda mrefu. Mahindi mabichi hupunguza uzito, tena huota kuvu yenye sumu inayodhuru watu na mifugo.

Tatu, mahindi yakibadilishwa hali yanapimwa upya. Yakianikwa, yakipepetwa au yakihamishwa, tunapima na kuandika.

Nne, magunia yanakaa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, ili mtu aweze kupita nyuma na kufagia. Yaliyoingia kwanza hutoka kwanza.

Tano, mtunza ghala ana daftari lenye safu nne: tarehe, yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Hata kikombe kimoja cha sampuli kinaandikwa. Aliyechukua anatia sahihi au dole gumba.

Sita, kila mwezi watu wawili wasioshika ufunguo wanahesabu magunia na kupima 10 kati yake. Hesabu yao inasomwa mkutanoni. Mtunza ghala mwenyewe ndiye aliyeomba jambo hili. Alisema daftari linamlinda yeye kuliko linavyolinda mahindi.

Mwaka 2020 tulinunua mahindi makavu. Yalipokwenda kuuzwa, nilifuatana tena na lori mpaka Mbeya. Tulipungukiwa kilo 85 tu, na kila kilo ilikuwa na mstari wake daftarini.

Ndugu wasomaji, wahenga wetu wa biashara wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba mali ikipotea bila habari, watu hutunga habari yao wenyewe, na mtu asiye na kosa hubebeshwa. Kama ninyi mna duka la kijiji, mashine ya kusaga, ghala au kikundi cha kuweka fedha, msingoje hasara ndipo mkague. Chukueni daftari kesho asubuhi. Anzeni mlangoni. Ifuateni mali mpaka mwisho. Na mtakapofika kwenye majina ya waliochukua, yaanze yenu.

Daftari letu la 2020 bado lipo ofisini. Ukurasa wa kwanza una jina langu. Ukurasa wa mwisho umeandikwa: "Madebe 2, hayakujulikana yalikokwenda." Mwaka juzi kijana mmoja alitaka kuyafuta, akasema yanatia aibu. Mzee mwenyekiti akamkataza. "Yaache," alimwambia. "Hayo ndiyo yanayotufanya tuhesabu."